Sura ya Tano: Mlo wa Manati na Namna Anavyoula

Mamalia wanaozaliwa, kuishi na kufa majini bila kukanyaga nchi kavu karibu wote ni wawindaji. Pomboo hufukuza samaki, nyangumi wakubwa huchuja viumbe wadogo wa jamii ya kamba, na nyangumi wa aina nyingine huzama kilindini kutafuta ngisi. Kundi moja tu ndilo lililoshika njia ya kula majani, nalo ni oda ya Sirenia, ambayo leo imebakiwa na spishi nne: nguva, anayefahamika na wavuvi wa pwani ya Afrika Mashariki, na spishi tatu za manati, ambao ni binamu zake wa upande wa Bahari ya Atlantiki. Kiboko, ambaye wengi wangemdhania kuwa wa kundi hili, hushinda majini mchana lakini usiku hutoka kwenda kulisha nchi kavu, kwa hiyo hahesabiwi pamoja nao. Ndugu wa kweli wa manati, kwa ushahidi wa mifupa na wa vinasaba, ni tembo na pimbi, ambao nao ni walaji majani.

Majani ya majini ni chakula kingi lakini hafifu. Sehemu kubwa ya uzito wake ni maji, protini yake ni kidogo, na kuta za seli zake zimejengwa kwa selulosi, yaani ule utando mgumu wa mimea ambao hakuna mamalia anayeweza kuuvunja bila msaada wa vijidudu. Mnyama anayetaka kuishi kwa chakula cha namna hiyo hana budi kula kingi, kukitafuna vizuri, kukikalisha tumboni muda mrefu na kutumia kwa uangalifu mkubwa ile nguvu ndogo anayoipata. Umbo la manati na mwenendo wake wa kila siku hueleweka kwa urahisi zaidi vikitazamwa kutokana na sharti hilo moja. Sura hii inakifuata chakula chake kuanzia kinaposhikwa na midomo hadi kinapogeuka kuwa nguvu mwilini, kisha inaonyesha kwa nini mnyama wa aina hii hana pa kukimbilia pindi malisho yake yanapotoweka.

Spishi tatu na malisho yao

Manati wa Karibi, ambaye jina lake la kisayansi ni Trichechus manatus, anapatikana kuanzia jimbo la Florida nchini Marekani, kupitia visiwa na pwani za Karibi, hadi kaskazini mashariki mwa Brazili. Yeye huhama baina ya maji ya chumvi, maji ya mchanganyiko ya midomo ya mito, na maji matamu, yaani maji yasiyo na chumvi. Manati wa Amazoni, Trichechus inunguis, ambaye ni mdogo kuliko wenzake, haishi baharini kabisa. Makazi yake ni mto Amazoni, matawi yake na maziwa yanayoungana nao. Wa tatu ni manati wa Afrika, Trichechus senegalensis, anayeishi katika pwani, mito na mabwawa ya Afrika Magharibi na Afrika ya Kati kuanzia Senegali na Moritania hadi Angola, akipanda na mto Niger hadi ndani ya Mali. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo anapatikana kwenye mdomo wa mto Kongo, ambako eneo la mikoko la Muanda limewekwa kuwa hifadhi tangu mwaka 1992. Maziwa makuu ya Afrika Mashariki hayana manati, na Bahari ya Hindi ni makazi ya nguva.

Tofauti za malisho ya wanyama hawa zinaonekana hata kwenye mafuvu yao. Pua na taya la juu la nguva vimepinda kuelekea chini kwa nyuzi zipatazo 70, kwa sababu yeye hula karibu kila mara sakafuni mwa bahari. Mpindo wa manati wa Karibi ni wa wastani, na kwa hiyo anaweza kula nyasi za chini, mimea iliyosimama katikati ya maji na ile inayoelea juu. Manati wa Amazoni na wa Afrika wana mpindo mdogo zaidi, wa nyuzi 30 au chini ya hapo, na wote wawili hutegemea sana mimea inayoelea au inayochomoza juu ya maji kandokando ya kingo za mito. Mtaalamu anayeokota fuvu lisilo na mwili anaweza, kwa kuupima mpindo huo peke yake, kukisia kwa uhakika wa kutosha mwenye fuvu alikuwa akila chakula chake wapi.

Anachokula manati

Manati aliyekomaa huko Florida huwa na urefu wa mita 3 hivi na uzito wa kilo 400 hadi 550, ingawa wapo wanaozidi kilo 1,000. Kila siku hula mimea mibichi yenye uzito wa kati ya asilimia 4 na 9 ya uzito wa mwili wake, kiasi ambacho kwa mnyama wa kilo 450 ni kilo 18 hadi 40. Kazi hiyo humchukua saa 6 hadi 8 kwa siku, zilizogawanywa katika vipindi vya kula na vya kupumzika, mchana na usiku, huku akipanda juu kuvuta pumzi kila baada ya dakika chache.

Spishi za mimea zinazojulikana kuliwa na manati wa Florida pekee zinazidi 60. Baharini na kwenye wangwa hula nyasi bahari, yaani mimea halisi yenye mizizi, majani na maua inayoota chini ya maji ya chumvi, ambayo haipaswi kuchanganywa na mwani, kwa kuwa mwani hauna mizizi ya kweli wala maua. Mitatu iliyo muhimu kwake ni Thalassia testudinum yenye majani mapana, Syringodium filiforme yenye majani membamba ya mviringo, na Halodule wrightii inayoota kwenye maji ya kina kifupi sana. Kwenye mito na chemchemi hula Vallisneria, ambayo ni mmea wa asili wa huko, pamoja na mimea iliyoletwa kutoka nje, kama vile Hydrilla, iliyoingia Florida katika miaka ya 1950 kupitia biashara ya mimea ya matangi ya samaki, na gugu maji, lile lile ambalo wakazi wa kandokando ya Ziwa Victoria wanalijua kwa shida lilizowaletea.

Manati hafungwi na kilichomo majini tu. Huko Georgia, kaskazini ya Florida, maji yanapojaa husogea hadi kwenye vinamasi vya chumvi na kula nyasi ndefu za ukingoni, kisha hurudi kilindini maji yakianza kutoka. Kwenye mikoko huinua kichwa na kuvuta majani yaliyoinamia maji, na kwenye ufuko wa mto huweza kujisukuma hadi kifua kikawa nje ili afikie mimea ya nchi kavu. Wanasayansi wamewahi kumkuta akiokota na kula mbegu za miti ya mwaloni zilizodondokea majini.

Je, mla majani huyu anakula nyama? Kwa manati wa Karibi jibu ni kwamba viumbe wadogo, kama konokono na wanyama wanaojishikiza kwenye majani, humezwa pamoja na nyasi bila kutafutwa, na kwamba huko Jamaika, katika miaka ya 1970, manati walionekana wakinyofoa nyama ya samaki walionaswa kwenye nyavu. Kwa manati wa Afrika jambo hili lina uzito zaidi. Uchunguzi wa Lucy Keith-Diagne, mtafiti aliyefanya kazi kwa miaka mingi Senegali na Gaboni, ulipima kemikali zinazobaki mwilini kutokana na chakula na kuchambua vilivyomo matumboni, ukaonyesha kuwa chaza na samaki ni sehemu halisi ya mlo wa wanyama hao katika baadhi ya maeneo. Wavuvi wa Afrika Magharibi walikuwa wakilisema hilo siku nyingi, na huko Sierra Leone malalamiko dhidi ya manati yamekuwa mawili: kwamba hula samaki nyavuni na kwamba huingia kwenye mashamba ya mpunga yaliyofurika. Hata hivyo, mwili wa manati, kama kurasa zinazofuata zitakavyoonyesha, umejengwa kwa ajili ya majani.

Midomo inayoshika

Mdomo wa juu wa manati umegawanyika katikati, na kila nusu inaweza kusogea peke yake. Juu yake zimeota nywele ngumu za hisia, zinazoitwa sharubu kwa wanyama wengine, lakini ambazo kwa manati zimezidi kazi ya kuhisi. Uso wake una nywele za namna hiyo zipatazo 2,000, na mwili uliobaki una nyingine zipatazo 3,000 zilizotawanyika, na kila moja imezungukwa shinani na kifuko cha damu chenye miishio ya neva. Mamalia wengi wana nywele za hisia hasa usoni na nywele za kawaida penginepo, ilhali nywele zote za manati ni za hisia. Kwa mnyama anayelisha usiku na kwenye mito yenye matope, ambako macho hayamsaidii sana, mpangilio huu humwezesha kuujua mmea kwa kuugusa kabla hajaufungulia mdomo.

Kinachotokea mnyama anapoanza kula ni cha haraka, na kilieleweka vizuri baada ya watafiti, akiwemo Christopher Marshall na Roger Reep, kupiga picha za video za manati wakila kwa karibu. Kwanza uso wa mdomo hutandazwa na nywele laini zaidi huupapasa mmea. Kisha misuli ya mdomo hujaa na kuzisukuma nje nywele fupi na nene zilizokuwa zimefichwa ndani ya mikunjo ya ngozi, kundi moja kila upande. Makundi hayo mawili hufunguka, huuzunguka ubua, hukutana katikati na kuukamata, halafu huuvuta ndani, huku nywele za mdomo wa chini zikiusukuma kutoka upande wa pili ili usiteleze kurudi nje. Mzunguko huo hurudiwa bila kusita hadi jani lote limeingia. Kwa mamalia hii ni namna ya nadra mno ya kutumia nywele: zinakamata na kuingiza chakula kama zinavyofanya ncha za vidole.

Viganja vya mbele navyo vina kazi. Manati huvitumia kutembea sakafuni taratibu, kukusanya mashina yaliyotawanyika na kuyasogeza kinywani, na kushikilia mmea unaoelea usisukumwe na mkondo. Manati wa Karibi na wa Afrika wana kucha kwenye viganja hivyo, na mnyama anapofikia mashina ya chini ya ardhi, yaani rizomu ambazo nyasi bahari huhifadhia wanga, huchimbua mchanga kwa viganja na mdomo. Hapa anatofautiana na nguva kwa kiasi. Nguva kwa kawaida hung'oa mmea mzima pamoja na mizizi, akiacha nyuma yake mfereji mwembamba ulio wazi katikati ya nyasi, ilhali manati mara nyingi hukata majani na kuziacha rizomu zichipue tena.

Magego yanayosafiri

Manati aliyekomaa hana meno ya mbele. Mahali pake pana mabamba magumu, moja kwenye kaakaa na jingine mbele ya taya la chini, ambayo huponda majani na kuyapeleka nyuma kwenye magego. Kila upande wa kila taya huwa na magego 5 hadi 8 kwa wakati mmoja, na magego hayo hayakai mahali pamoja.

Gego jipya hutokea nyuma kabisa ya taya, na safu nzima husogea mbele taratibu, kwa wastani wa milimita 1 hivi kwa mwezi. Ili jino liweze kusafiri ndani ya mfupa, kuta nyembamba za mfupa zilizo baina ya tundu na tundu hulainishwa na kufyonzwa upande wa mbele, huku mfupa mpya ukijengwa upande wa nyuma. Gego linapokaribia mbele huwa limelika, mizizi yake hufyonzwa, na mwishowe hudondoka, wakati nyuma jingine linachomoza. Daryl Domning, mwanapaleontolojia wa Chuo Kikuu cha Howard, pamoja na Lee-Ann Hayek, walieleza mwaka 1984 kwamba safari hii huanza ndama anapoanza kutafuna chakula kigumu, kwa kuwa msukumo wa kutafuna ndio unaoichochea.

Tembo naye hubadilisha magego kutoka nyuma kwenda mbele, lakini yeye amepangiwa sita tu kwa kila upande wa taya maishani, na seti ya mwisho ikiisha hana tena cha kutafunia. Manati hana ukomo huo. Meno huendelea kutokea maadamu yu hai. Sababu yake iko kwenye chakula. Nyasi halisi, yaani mimea ya familia moja na mpunga na muwa, zina chembe za silika, madini ya aina moja na mchanga, na anayezila kila siku pamoja na mchanga wenyewe husaga meno yake bila kukusudia. Domning alitoa hoja kwamba mababu wa manati wa leo waliishi Amerika ya Kusini wakati mito iliyotoka kwenye milima ya Andes ilipokuwa ikileta rutuba na kuotesha mbuga za nyasi zinazoelea, na kwamba meno yasiyokwisha yalikuwa jibu la mwili kwa malisho hayo mapya. Nguva, aliyebaki na nyasi bahari ambazo ni laini zaidi, hakupata meno ya namna hiyo.

Utumbo mrefu na mwili usio na haraka

Ng'ombe na mbuzi hukivundika chakula mbele, katika tumbo lenye vyumba vinne, kisha hukicheua. Manati, kama farasi na tembo, hukivundika nyuma. Tumbo lake ni la chumba kimoja, na pembeni mwake kuna tezi iliyochomoza kama kidole ambayo hukusanya chembe zinazotoa asidi na vimeng'enya, mpango unaodhaniwa kuzilinda chembe hizo zisikwaruzwe na mchanga na majani makali yanayopita. Utumbo wake wote huweza kuzidi mita 40, na karibu nusu ya urefu huo ni utumbo mpana, ambamo mabilioni ya bakteria huivunja selulosi na kuigeuza kuwa asidi za mafuta zinazofyonzwa na kutumika kama nishati.

Chakula kikishamezwa huchukua kama wiki moja kabla mabaki yake hayajatoka, muda mrefu kuliko ilivyo kwa farasi, ambaye kwake safari hiyo huisha kwa siku mbili tatu. Kwa sababu ya ukawiaji huo bakteria hupata nafasi ya kufanya kazi yao kikamilifu, na vipimo vya kinyesi cha manati vimeonyesha kuwa takriban asilimia 80 ya selulosi iliyomo katika chakula huwa imevunjwa, kiwango ambacho walaji majani wengi hawakifikii. Hewa inayozalishwa na uchachushaji huo humfanya mnyama awe mwepesi majini, na hilo husawazishwa na mifupa yake, hasa mbavu, ambayo ni mizito, imejaa na haina uwazi wa uboho, kiasi kwamba anaweza kutulia sakafuni akila bila kuhangaika kujizuia asielee.

Upande wa pili wa hesabu ni matumizi. Umetaboli wa manati, yaani kasi ambayo mwili hutumia nishati, ni wa chini sana, takriban robo hadi theluthi ya kile kinachotarajiwa kwa mamalia mwenye uzito kama wake. Ndiyo maana huogelea polepole, hulala saa nyingi na huweza kukaa siku kadhaa bila kula. Lakini uwekevu huo una gharama yake. Mwili unaozalisha joto kidogo hauwezi kuhimili baridi, na manati akikaa muda mrefu katika maji yaliyo chini ya nyuzi 20 za Selsiasi huugua: ngozi huanza kuchubuka, mmeng'enyo husimama kwa sababu bakteria wa tumboni nao hudhoofika, na mnyama huacha kula ilhali ndipo anapohitaji chakula zaidi.

Mlo na majira

Katika Florida, joto huamua wapi manati atakula. Majira ya kipupwe yanapofika hukusanyika kwa mamia kwenye chemchemi kama Blue Spring na zile za Crystal River, ambazo maji yake hubaki kwenye nyuzi 22 hivi mwaka mzima, na kwenye mifereji inayotoa maji ya moto ya mitambo ya kuzalisha umeme, kama ule wa Cape Canaveral. Tatizo ni kwamba penye joto hapana chakula cha kutosha, kwa kuwa mimea ya karibu humalizwa mapema na wingi wa walaji. Manati hulazimika kuchagua saa: hutoka alasiri, jua linapokuwa limeupasha uso wa maji, huenda kula kwenye nyasi zilizo mbali, kisha hurudi kwenye joto kabla maji hayajapoa mno. Baridi ikizidi kwa siku kadhaa mfululizo, hubaki palipo na joto na kufunga.

Manati wa Amazoni hufunga muda mrefu zaidi, naye hana tatizo la baridi. Maji ya mto Amazoni hupanda na kushuka kwa mita 10 au zaidi kila mwaka. Mafuriko yanapokuja misitu na mbuga za kandokando huzama, nyasi na mimea inayoelea hustawi, na manati husambaa humo akila hadi asilimia 8 ya uzito wake kwa siku na kujaza mafuta mwilini. Maji yanapopungua, mimea hubaki nchi kavu na wanyama hukimbilia kwenye maziwa yenye kina, kama Ziwa Amanã nchini Brazili, ambako chakula huwa haba kabisa. Robin Best, mtafiti aliyefanya kazi Manaus, alikokotoa mwaka 1983 kwamba kwa akiba ya mafuta na umetaboli wa chini mnyama huyu anaweza kustahimili karibu siku 200 bila mlo wa maana, akijiokoa kwa mabaki ya mimea iliyokufa sakafuni.

Ujuzi wa malisho na majira yake hupitishwa na mama. Ndama hunyonya kwenye chuchu zilizo kwapani mwa kiganja cha mbele, na ndani ya wiki chache baada ya kuzaliwa huanza kudokoa majani, lakini huendelea kufuatana na mama yake kwa mwaka mmoja hadi miwili. Katika muda huo hujifunza chemchemi ipo wapi, nyasi nzuri zipo upande gani, na njia ipi ni salama kati ya hizo mbili. Kwa kuwa jike huzaa ndama mmoja tu kila baada ya miaka miwili hadi mitano, kila mama anayekufa mapema hupotea pamoja na ramani ambayo hakuna wa kuichora upya.

Mlaji katika mazingira yake

Sifa ya ulaji wake iliwahi kuwashawishi watu wamwajiri. Nchini Guyana, ambako mifereji ya umwagiliaji na ya maji ya jiji la Georgetown ilikuwa ikizibwa na magugu, manati walikamatwa na kutiwa humo, na katika miaka ya 1950 na 1960 taarifa za mafanikio ya mpango huo zilisambaa duniani. Ndani ya mfereji mmoja kazi ilionekana wazi, kwani manati wachache waliweza kuusafisha na kuuweka safi. Lakini mnyama anayezaa kwa nadra namna ile, anayewindwa kwa nyama yake na anayekufa kirahisi akihamishwa, hawezi kuongezeka haraka kama gugu linavyoongezeka. Gugu maji la Ziwa Victoria lilipokuja kupunguzwa katika miaka ya 1990, viumbe walioachiliwa kulila walikuwa mbawakawa wadogo wa jenasi Neochetina, ambao huzaliana kwa maelfu.

Kwenye malisho yake ya asili, hata hivyo, manati ni mtunzaji. Kwa kukata majani makuukuu huacha nafasi ya machipukizi yenye protini nyingi zaidi, kinyesi chake hurudisha rutuba majini karibu na pale alipokula, na huko Amazoni mbegu za mimea kadhaa husafirishwa tumboni mwake na kuota penginepo. Uhusiano huu unakwenda pande zote mbili, na ndiyo maana madhara yanayozipata nyasi humfikia naye bila kuchelewa.

Pale nyasi zinapokwisha

Madhara hayo yana sura mbili, na Florida imeziona zote mbili. Ya kwanza ni sumu. Kwenye Ghuba ya Meksiko hutokea mara kwa mara mlipuko wa kiumbe mdogo sana aitwaye Karenia brevis, unaoyabadilisha maji rangi na kutoa sumu ya neva iitwayo brevetoksini. Mwaka 1996 manati wapatao 150 walikufa kwa sababu hiyo, na mwaka 2013 zaidi ya 200. Mwaka 2002 manati walikufa ilhali mlipuko wenyewe ulikuwa umekwisha wiki kadhaa kabla, na uchunguzi ukabaini kwamba sumu ilikuwa imebaki juu ya majani ya nyasi bahari na kwenye viumbe waliojishikiza humo, ikimsubiri mlaji.

Sura ya pili ni njaa. Indian River Lagoon, wangwa mrefu wa pwani ya mashariki ya Florida, ulikuwa mojawapo ya malisho makubwa ya manati. Kwa miongo mingi mbolea za mashamba na bustani, pamoja na maji machafu kutoka kwenye makaro ya majumbani, zilitiririkia humo zikiwa na naitrojeni na fosforasi, virutubisho ambavyo mimea midogo inayoelea huvitumia kuongezeka kwa kasi. Kuanzia mwaka 2011 mimea hiyo ililipuka mara kwa mara na kuyafanya maji kuwa mazito, mwanga ukakosa kufika sakafuni, na nyasi bahari, ambazo haziwezi kufanya usanisinuru gizani, zikafa. Zaidi ya nusu ya eneo la nyasi lilipotea. Majira ya kipupwe ya 2020 kuingia 2021 manati walirudi kama kawaida kwenye joto la mitambo ya umeme, wakatoka kwenda kula walikokula miaka yote, na hawakukuta kitu. Mwaka 2021 manati wapatao 1,100 walikufa katika jimbo hilo, idadi kubwa kuliko ya mwaka wowote uliowahi kurekodiwa, na miongoni mwao wengi walikuwa wamekonda hadi mafuta yote yamekwisha.

Serikali ilichukua hatua ambayo kwa kawaida sheria za Marekani zinaikataza, ikaanza kuwalisha wanyama pori hao. Katika majira yaliyofuata wafanyakazi walirusha tani zaidi ya 90 za letusi kwenye maji ya Cape Canaveral, na mwaka uliofuata kiasi hicho kikaongezwa takriban mara mbili. Msaada huo uliokoa wanyama kadhaa, lakini hesabu ya mlo iliyoelezwa mwanzoni inaonyesha mpaka wake: manati 1,000 huhitaji tani 18 hadi 40 za majani kila siku, na hakuna shamba la mboga linaloweza kushika nafasi ya mbuga ya nyasi bahari. Kazi ya kweli ni ile inayofanyika polepole ya kupanda nyasi upya, kurudisha chaza wanaochuja maji, na kuziba njia za mbolea na maji machafu.

Somo hili linawahusu pia watu wa pwani ya Afrika Mashariki. Nguva wa pwani hii wamekuwa wachache mno. Mwaka 2022 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, liliwaweka katika kundi la wanyama walio hatarini kabisa kutoweka, na kundi pekee linalohesabiwa kuwa na uwezo wa kudumu lipo kwenye visiwa vya Bazaruto nchini Msumbiji. Nyavu za jarife huwaua nguva wenyewe, na wavu wa kokoro unaoburutwa juu ya nyasi bahari huyang'oa malisho yao, ambayo pia ni mahali pa kukulia samaki wengi wanaoliwa kwenye nyumba za Lamu, Unguja, Mafia na Kilwa. Mnyama anayekula majani majini anaweza kustahimili mengi, yakiwemo majira ya njaa, lakini hawezi kubadilisha kazi akawa mwindaji. Anayetaka kumhifadhi nguva au manati na aanze na nyasi: azuie kokoro, azuie taka, ayaache maji yapitishe mwanga.